Kwenda tamasha la chakula la mji mdogo na kurudi siku hiyohiyo: mwongozo kamili

Kila msimu malalamiko ni yaleyale. Mtu kafika saa sita mchana, kile alichokifuata kimeisha. Mwingine kashiba kwenye banda la kwanza kabisa na mabanda mengine yote akayaangalia kwa macho tu. Wa tatu kanunua jibini saa tatu asubuhi akatembea nayo juani mpaka jioni, usiku tumbo likamkumbusha. Halafu wote wanasema tamasha lilikuwa bovu. Halikuwa bovu bana, ni mpangilio ndio ulikuwa bovu.

Tamasha la mji mdogo sio kama maonyesho ya mjini. Wauzaji wengi ni wakulima na vikundi vidogo, wamekuja na kile walichopika au kuvuna na kikiisha kimeisha, hakuna stoo nyuma. Barabara ya kuingia mara nyingi ni moja. Mtandao unazidiwa. Kwa hiyo siku ya namna hii unaipanga kuanzia mwisho kuja mwanzo: unaanza na saa ya kurudi na chakula utakachorudi nacho, ndio unarudi nyuma mpaka saa ya kutoka nyumbani. Hatua zote hapa chini zimekaa hivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Boksi la barafu (deli, kama wengi wanavyoliita) lenye mfuniko unaobana. Begi lenye kitambaa cha kuzuia joto linafaa kama mko wawili tu.
- Chupa za maji zilizogandishwa, angalau moja kwa kila mtu. Asubuhi ni barafu, mchana ni maji ya kunywa, na hazimwagi maji kwenye chakula kama barafu ya vipande.
- Kesh, noti ndogondogo na sarafu. Hata kama tangazo linasema kadi na simu zinapokelewa. Watu elfu kadhaa kwenye mnara mmoja wa simu, mashine ya kadi inazunguka tu haina majibu.
- Vyombo viwili vitatu vyenye mifuniko, vijiko na uma zenu, na sahani ndogo za kugawana.
- Sabuni kidogo na chupa ya maji ya kunawa, pamoja na kitakasa mikono chenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Vyote viwili, sababu iko hatua ya 5.
- Tishu. Nyingi. Vyoo vya muda vikifika saa nane mchana ni hadithi nyingine.
- Kofia, mafuta ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, koti la mvua jepesi, viatu vya kufunika vidole.
- Pawabanki, na ramani ya eneo lile uliyoidaunlodi kabisa kwenye simu.
- Dawa za kila mtu anayetumia dawa. Mwenye mzio mkali wa chakula abebe sindano yake ya adrenalini mwilini mwake, isiachwe kwenye gari.
- Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji mtu akiharisha). Nyepesi, hazichukui nafasi, na siku ukizihitaji hutapata duka lililo wazi.

Kisu usibebe mpaka uwe umeuliza, sehemu nyingine getini wanakunyang'anya.

## Hatua ya 1: Wiki moja kabla, hakiki na piga simu

Usiamini bango. Mabango ya miaka iliyopita huwa yanazunguka mitandaoni kama ya leo, na tarehe za matamasha ya mavuno zinasogea kwa sababu mazao hayafuati kalenda. Tafuta namba ya waandaaji, piga, uliza mambo haya tu: tarehe ni ileile? geti linafunguliwa saa ngapi? chakula gani kinawahi kuisha? malipo ni kesh au kuponi? mvua ikinyesha inakuwaje?

Hilo swali la chakula kinachowahi kuisha ndilo la maana kuliko yote, na watu hawaliulizi. Jibu lake ndilo linakupangia asubuhi yako.

Kama unatumia basi au treni, angalia usafiri wa mwisho wa kurudi kabla hujaangalia wa kwenda. Vijijini usafiri wa wikiendi huisha mapema, na gari la mwisho siku ya tamasha linajaa, kwa hiyo wewe lenga lile linalotangulia. La mwisho liwe akiba.

Ukifanikiwa: unayo karatasi moja au skrinshoti yenye saa ya geti, saa ya kuondoka, na vitu vitatu unavyovitaka kweli. Vitatu tu. Ukiandika kumi utakimbizana na foleni siku nzima.

## Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia safari

Gandisha chupa, usizijaze mpaka juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka. Boksi la barafu lenyewe liingize ndani lipoe, ukilitoa stoo yenye joto ukatia barafu, barafu yako ya kwanza yote inaishia kupoza boksi.

Weka kesh mifuko miwili tofauti. Chaji simu na pawabanki. Mafuta ya gari jaza leo, sio kesho njiani, maana kituo cha mwisho kabla ya mji mdogo siku ya tamasha kina foleni yake.

## Hatua ya 3: Asubuhi, kula kidogo

Kuna wanaokwenda na njaa kali wakidhani watakula zaidi. Inakuwa kinyume. Mwenye njaa kali ananunua sahani kubwa ya kwanza anayoiona, anaila haraka, na kwa kuwa taarifa ya kushiba huchukua kama dakika 20 kufika kichwani, akija kushtuka kashavimbiwa na bado saa tatu asubuhi. Kula kitu chepesi nyumbani, kunywa maji, twende.

Lenga kufika nusu saa kabla geti halijafunguliwa. Najua, ni wikiendi, mnataka kulala. Lakini saa mbili za kwanza ndizo zenye kila kitu: chakula ni kipya, wauzaji hawajachoka, wana muda wa kuongea na wewe, jua halijapanda, vyoo ni visafi. Baada ya hapo kila kitu kinashuka pole pole.

## Hatua ya 4: Kupaki gari

Paki huwa ni shamba au uwanja wa majani. Angalia sehemu iliyoinuka kidogo na kavu, epuka bondeni hata kama ni karibu na geti, mvua ikipiga saa moja tu pale chini panakuwa tope na magari yanavutwa kwa trekta moja moja. Ingia kwa kinyumenyume ili pua ya gari iangalie njia ya kutokea. Kama kuna kivuli fikiria kitakuwa wapi saa nane, sio kilipo sasa hivi.

Piga picha ya kitu kinachoonekana toka mbali, mti, nguzo, paa, na uweke alama kwenye ramani ya simu. Kubalianeni pia mahali pa kukutania mkipoteana. Na meseji ya kawaida mara nyingi inapita pale ambapo WhatsApp imekwama, kwa hiyo mkikosana tumeni meseji ya kawaida.

Onyo: mtoto au mnyama haachwi ndani ya gari, hata dakika tano, hata vioo vikiwa vimeshushwa kidogo. Gari lililopaki juani linaweza kupanda kama nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu za mwanzo.

## Hatua ya 5: Zunguka kwanza, usinunue

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua siku. Ukiingia getini, mikono mfukoni. Tembea uwanja wote mzunguko mmoja bila kununua kitu, isipokuwa kile kimoja ulichoambiwa kwenye simu kwamba kinawahi kuisha, hicho kifuate moja kwa moja halafu endelea na mzunguko.

Mabanda ya karibu na geti yanauza sana kwa sababu ya mahali yalipo, sio kwa sababu ya chakula. Mara nyingi banda zuri liko kona ya mwisho kule ambako watu wanafika wakiwa wameshashiba.

Kwenye mzunguko, simama hatua mbili tatu toka kila banda linalokuvutia, umwangalie muuzaji anavyohudumia wateja watatu wanne. Angalia mikono. Mkono unapokea noti, unafungua droo, unatoa chenji, halafu mkono huohuo, bila kunawa, unakamata mkate na kuukunja kwenye karatasi. Hapo pita. Banda zuri lina mtu wa hela na mtu wa chakula, au muuzaji ni mmoja lakini anatumia koleo. Glavu zenyewe zisikudanganye, glavu iliyoshika hela ni mkono mchafu uliovaa nguo.

Kisha angalia:

- Nyama mbichi na iliyoiva zinakaa ubao mmoja? Kisu ni kilekile? Pita.
- Chakula cha moto kinatoa mvuke kweli, au ni cha vuguvugu? Cha moto kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5. Katikati ya hapo ndipo bakteria wanapozaliana kwa kasi.
- Kuna maji ya kunawa nyuma ya meza? Ndoo yenye bomba inatosha, ila iwepo.
- Foleni inasogea? Foleni ndefu inayosogea ni dalili nzuri, chakula hakikai. Foleni ndefu iliyosimama ni jiko limezidiwa, na jiko lililozidiwa ndilo linalotoa nyama yenye damu katikati.

Na mikono yako je? Nawa kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kula. Kitakasa mikono ni cha kusaidia tu, hakifanyi kazi vizuri kwenye mikono yenye mafuta au uchafu, na norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuharisha kinachopenda sana mikusanyiko, hakijali sana alkoholi. Ndio maana nikasema beba vyote viwili.

Ukifanikiwa: zimepita dakika 30 hadi 45, tumbo bado liko wazi, na unajua utakula wapi, kwa mpangilio gani.

## Hatua ya 6: Kula kwa mpangilio

Sheria ya kwanza, sahani moja watu wawili au watatu. Hapo ndipo zile sahani ndogo zinapolipa. Omba kipimo kidogo, wauzaji wengi wanakubali ukiomba kwa heshima na foleni sio ndefu. Wakikuonjesha, onja, lakini kama hununui usikae mbele ya meza dakika kumi ukipiga stori wakati kuna watu nyuma yako, huyo mama ana siku moja ya kuuza kazi ya miezi.

Anza na vyenye ladha nyepesi, nenda kwenye vya chumvi na viungo, malizia na pilipili na vitamu. Ukianza na pilipili ulimi umekufa ganzi, hata jibini nzuri utaiona kama chaki. Vya kukaanga weka katikati na ugawane, hivyo ndivyo vinavyojaza tumbo haraka. Soda nazo hivyohivyo, kunywa maji.

Kati ya kitu na kitu pumzika. Nenda kaangalie mashindano, mahali wanapopika mbele ya watu, muziki. Usiyadharau mashindano ya jamu na keki: ukijua nani kashinda, unajua meza gani uende saa nane.

Chakula ulichonunua ukakiweka mezani kisikae zaidi ya saa 2 bila ubaridi. Joto likizidi nyuzi 32, hesabu saa 1. Kikipita hapo kitupe, hata kama hakinuki, kwa sababu wadudu wanaoumiza watu sio lazima waharibu harufu.

Wa kuangalia zaidi ni hawa: wajawazito, wazee, watoto wadogo, na wenye kinga dhaifu. Hao maziwa mabichi hapana, na jibini laini ya maziwa yasiyochemshwa hapana, hata kama muuzaji anaapa kwamba ng'ombe ni wake na ni mzima. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa brusela na listeria, na ng'ombe mwenyewe anaweza asionyeshe dalili yoyote. Listeria ina ubaya mwingine, inaendelea kukua hata ndani ya friji.

Mwenye mzio aulize hivi: "Humu kuna karanga? Na mafuta mliyokaangia mmekaangia nini kingine?" Swali la pili ndilo linaloponya, kwa sababu mafuta ya karai moja siku ya tamasha yanapitisha kila kitu. Muuzaji akijibu "nadhani hakuna", hiyo ni hapana.

## Hatua ya 7: Kununua vya kurudi navyo

Gawa manunuzi yako mafungu mawili.

Visivyoharibika (nafaka, viungo vikavu, asali, chupa za jamu) nunua mapema kabla havijaisha. Muulize muuzaji kama anaweza kukutunzia mpaka unaondoka. Wengi wanakubali ukishalipa, andika jina lako kwenye mfuko na upige picha ya banda.

Vinavyoharibika (jibini, nyama, samaki, maziwa, vya krimu) ni vya mwisho kabisa, dakika 20 kabla ya kwenda kwenye gari. Ukiogopa kwamba kitaisha, lipia asubuhi kichukue jioni, lakini kama kina baridi pale bandani, sio kama kimelala juani.

Kwenye boksi, vyakula vikae chini na chupa za barafu juu na pembeni, hewa baridi inashuka yenyewe. Nyama mbichi ifungwe mara mbili na ikae chini kabisa, isije ikadondoshea jibini. Nafasi zilizobaki jaza kwa taulo au magazeti. Boksi likae ndani ya gari penye kiyoyozi, buti ni oveni.

Sasa makopo na chupa za nyumbani. Vya siki na jamu zenye sukari nyingi havina wasiwasi sana, asidi na sukari vinazuia wadudu. Ila maharage, uyoga, mboga au nyama iliyofungwa kwenye chupa bila siki, muulize aliyetengeneza: umetumia sufuria ya presha? Vyakula hivyo vinahitaji joto la kama nyuzi 116 hadi 121, na maji ya kuchemka ya kawaida hayavuki 100. Bila presha, mbegu za bakteria wa botulizimu zinabaki hai na kutengeneza sumu inayopoozesha, na huwezi kuitegemea harufu wala ladha ikwambie. Akijibu vizuri na kwa undani, nunua. Akicheka tu, mwachie. Na mfuniko uliovimba, hata upewe bure.

Asali ni salama kwa wakubwa, lakini mtoto chini ya miezi 12 asipewe hata ya kulambishwa kidoleni, ni bakteria huyohuyo.

Kama mnavuka mpaka wa nchi kurudi, angalieni kwanza sheria za nyama, maziwa na mbegu. Forodha hawajui kwamba ni zawadi ya bibi.

## Hatua ya 8: Jua la mchana

Saa sita mpaka saa tisa kaeni kivulini. Paka tena mafuta ya jua kila baada ya saa 2. Maji kunywa kabla ya kiu.

Mtu akiumwa kichwa, kizunguzungu, jasho jingi na ngozi imepoa, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kuongea vitu visivyoeleweka au kuzimia huku mwili unawaka moto, huo ni kiharusi cha joto: ita gari la wagonjwa na umpoze kwa maji papo hapo, usisubiri wafike. Hema la huduma ya kwanza uwe umeshaliona kwenye mzunguko wa asubuhi.

## Hatua ya 9: Kuondoka

Ondokeni nusu saa au saa nzima kabla ya tukio la kufunga siku. Watu wote wanatoka pamoja kwenye barabara moja, na boksi lako la barafu linahesabu dakika. Kama kweli mnataka kubaki mpaka mwisho, basi ule ununuzi wa vinavyoharibika uahirisheni kabisa, huwezi kupata vyote viwili. Kuponi zilizobaki zimalize au uliza kama zinarudishwa, sehemu nyingi hazirudishwi.

Dereva achaguliwe asubuhi kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa, na asionje pombe hata ile ya "ni ya nyumbani haina nguvu", kwa sababu pombe ya nyumbani hakuna aliyeipima. Kwa wastani mwili unaondoa kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa moja hivi. Kahawa na kuoga havipunguzi kitu, vinakuamsha tu ukiwa umelewa vilevile.

## Hatua ya 10: Nyumbani

Kabla ya kuvua viatu, boksi kwanza. Kama barafu bado ipo na vitu ni vya baridi ukigusa, peleka friji, nyuzi 4 au chini. Kama vimekuwa vuguvugu na hujui tangu saa ngapi, nyama, samaki, maziwa tupa. Inauma, najua. Chakula kilichopikwa kirudie moto mpaka kifike nyuzi 74 katikati, usipokuwa na kipimajoto basi kiwe kinatoa mvuke mpaka ndani. Andika tarehe kwenye chupa na jina la banda, mwakani utamtafuta huyo mtu.

Tumbo likianza kuendesha, cha kwanza ni maji na chumvi. ORS ya pakiti changanya kama ilivyoandikwa. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai, koroga, kunywa kidogo kidogo. Chumvi usizidishe, hasa kwa mtoto. Hospitali ni mara moja kama kuna damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikoruhusu hata maji kukaa, mkojo umepotea, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani. Na ukiona mtu anaona vitu viwiliviwili, kope zinadondoka au ulimi mzito, nenda hata kama haharishi, na chupa aliyokula nenda nayo.